Jina Lililohamia Jirani

Mwishoni mwa miaka ya 1960, katika kijiji cha Brora kwenye pwani ya kaskazini-mashariki ya Uskoti, viwanda viwili vya wiski vilisimama ubavu kwa ubavu, na jina lilikuwa moja tu. Kile cha kale kilianzishwa mwaka 1819 na bwana mkubwa wa ardhi ya Sutherland, yule ambaye mawakala wake waliwahamisha wakulima kutoka mabondeni na kuwasukumia ufukweni ili mashamba yao yawe malisho ya kondoo. Shayiri ya wakulima hao waliohamishwa ndiyo iliyonunuliwa na kiwanda, nacho kikaitwa Clynelish. Kiwanda kipya kilijengwa kwa sababu biashara ya wiski ilikuwa imepamba moto. Kilikuwa na mitambo sita ya shaba ya kukenekea badala ya miwili, na mafundi waliifuata kwa makini sura ya ile ya zamani. Wenye mali wakaamua kwamba Clynelish ni hiki kipya. Cha kale kikafungwa, kikafunguliwa tena mwaka 1969, na baadaye kikabandikwa jina la kijiji, Brora.

Je, Clynelish ya kweli ilikuwa ipi? Kiwanda kilichobaki na kuta zilezile, mitambo ileile na miaka 150 ya moshi, au kilichopewa jina, sura ya mitambo na wateja?

Wanafalsafa wamelizungukia swali la namna hii kwa karne nyingi. Plutarko aliandika kuhusu merikebu ya Theseus, ambayo Waathene waliitunza kwa kung'oa kila ubao uliooza na kutia mpya, hadi wanafalsafa wakabishana kama bado ni merikebu ileile. Thomas Hobbes akalitia ugumu zaidi katika karne ya 17. Vipi kama mtu angezikusanya zile mbao kuukuu na kuunda nazo merikebu ya pili kwa mpangilio uleule? Brora ilikuwa na merikebu zote mbili, zimetenganishwa na barabara, na moshi ukitoka kwenye mabomba yote.

Aliyelikaribia jambo hili zaidi ni Mskoti mwenyewe. David Hume, mzaliwa wa Edinburgh, katika kitabu chake kikubwa kuhusu maumbile ya binadamu kilichoanza kuchapishwa mwaka 1739, alitoa mfano wa kanisa la matofali lililoanguka. Waumini wakajenga jingine kwa mawe ya kuchonga, tena kwa mtindo wa kisasa. Vifaa si vilevile, sura si ileile, na bado parokia nzima inasema hili ni kanisa letu lilelile. Kwa Hume, kinachoyaunganisha majengo hayo mawili ni uhusiano wake na watu wa parokia, basi. Akaongeza sharti ambalo wasomaji wengi hulipita haraka: akili hukubali kirahisi hivyo kwa sababu kanisa la kwanza limekwisha kutoweka kabla la pili halijasimama. Macho hayakupata nafasi ya kuyaona yote mawili kwa wakati mmoja na kuyahesabu.

Brora ililivunja sharti hilo. Viwanda vyote viwili vilionekana, vikahesabika, na wafanyakazi waliweza kutembea kutoka kimoja hadi kingine. Ikabidi mtu aamue kwa kauli yake, na hapo ndipo falsafa inapokuwa suala la haki. Anayeamua jina liende wapi anaamua pia nani amerithi sifa iliyojengwa na wengine.

Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki, hata yule ambaye kwa dini yake hagusi kileo, ameshalikuta swali hili kwa mlango mwingine. Mafakihi wamejadili kwa kina hali ya mvinyo unapogeuka siki. Wamekubaliana kwamba ukigeuka wenyewe, siki hiyo ni tohara na halali. Lakini ukigeuzwa kwa kutiwa kitu, Wahanafi wanairuhusu, ilhali Mashafi'i, ambao madhehebu yao ndiyo yaliyoenea katika mwambao wa Waswahili, hawaikubali. Siki mbili zinaweza kulingana kwa ukali, rangi na harufu, na bado hukumu zake zikatofautiana, kwa sababu njia zilizopitia si moja. Kwa mtazamo huo, ulimi pekee hautoshi kuwa hakimu. Historia ya kitu ni sehemu ya kitu chenyewe.

Hoja hiyo ndiyo iliyozusha ugomvi mkubwa wa wiski ya Cardhu. Hiki ni kiwanda cha bonde la Spey. Leseni yake ni ya mwaka 1824, na kilikuwa mikononi mwa familia ya Cumming hadi Elizabeth Cumming alipowauzia akina Walker wa Kilmarnock mwaka 1893. Mwanzoni mwa karne hii Wahispania waliipenda Cardhu kuliko kiwanda kilivyoweza kutoa. Wiski haiharakishwi. Inayouzwa ikiwa na miaka 12 ilitiwa kwenye pipa miaka 12 iliyopita au zaidi, na kama mapipa hayakujazwa wakati ule, hakuna fedha inayoweza kuyajaza leo. Kampuni ya Diageo, mmiliki wa Cardhu, ikatafuta njia ya mkato. Mwaka 2003 ilianza kuchanganya wiski ya kimea ya Cardhu na ya viwanda vingine, ikaiuza kwa jina lilelile la Cardhu, huku lebo ikidai ni kimea safi. Kiwanda chenyewe kikaitwa Cardow, tahajia yake ya zamani, ili jina Cardhu libaki la bidhaa na si la mahali.

Kwa tafsiri finyu hakukuwa na uongo, maana kila tone lilitokana na kimea. Pengine ladha nayo ilikaribiana. Lakini mnywaji wa Madrid alikuwa ameaminishwa kwamba anakunywa kazi ya nyumba moja, na imani hiyo ikahamishwa bila yeye kuulizwa. William Grant & Sons, wenye Glenfiddich, wakaongoza upinzani. Mwaka 2004 Diageo ikairudisha Cardhu kuwa wiski ya kiwanda kimoja. Miaka mitano baadaye Kanuni za Wiski ya Uskoti za mwaka 2009 zikapiga marufuku maneno yale ya kimea safi, na zikakataza jina la kiwanda kutumika kama chapa ya wiski ambayo haikukenekwa yote katika kiwanda hicho. Sheria ilikuwa imefanya uamuzi wa kifalsafa: jina la mahali ni ahadi, na mwenye kulimiliki hawezi kuihamisha apendavyo.

Kama ingeishia hapo, wiski za kuchanganywa zingeonekana watoto wa nje, na si kweli. Aeneas Coffey alipata hataza ya mtambo wake wa kukeneka bila kusimama, uliofaa kwa wiski ya nafaka, mwaka 1830. Sheria ya mwaka 1860 ikawawezesha wafanyabiashara kuchanganya wiski ya kimea na ya nafaka kwenye maghala kabla ya kulipa ushuru, na tangu hapo wauza duka ndio walioipeleka wiski ya Uskoti duniani. Mwaka 1906 mahakama moja ya London iliona kwamba michanganyiko ile haistahili kuitwa wiski ya Uskoti. Iliundwa Tume ya Kifalme kulichunguza swali la wiski ni nini, nayo mwaka 1909 ikajibu kwamba ya nafaka ni wiski pia.

Mchanganyaji mkuu ana uaminifu wake, na ni mgumu. Mapipa aliyotumia mwaka jana yamekwisha, viwanda vingine vimefungwa, mapipa mengine yamezeeka kupita alivyotaka. Kwa hiyo viungo hubadilika ili ladha isibadilike. Katika chupa ya Johnnie Walker, chapa iliyoanzia katika duka la vyakula mjini Kilmarnock mwaka 1820, hakuna mahali pamoja pa kuonyesha kwa kidole. Hata jina la ukoo si damu tena: Emma Walker, aliyeshika nafasi ya mchanganyaji mkuu mwaka 2022, hana undugu na akina Walker wa duka lile. Kinachodumu ni ladha iliyowekwa kama lengo, ikikabidhiwa kutoka pua moja hadi nyingine. Anayetimiza lengo hilo mwaka hadi mwaka hamdanganyi mtu, kwa sababu ndilo alilomwahidi mnywaji. Kosa la Cardhu halikuwa kuchanganya. Lilikuwa kuwaachia watu ahadi moja na kuwatimizia nyingine.

Lakini mnywaji si mtu pekee aliyeahidiwa. Tukirudi kwa Hume, kanisa lake lilibaki lilelile kwa sababu ya parokia. Je, ikiondolewa parokia na kubakishwa kanisa?

Hilo lilitokea Kilmarnock. Kwa vizazi jina la mji huo lilizunguka dunia likiwa limechapwa kwenye chupa. Mwaka 2009 Diageo ilitangaza kukifunga kiwanda cha kujazia chupa na kupoteza takriban kazi 700. Maelfu waliandamana mitaani, wakiwamo watu ambao mama na bibi zao walifanya kazi palepale. Kampuni ilikuwa na hesabu zake na uwezo wa kujaza chupa kwingine, na mwaka 2012 milango ikafungwa. Wiski haikubadilika hata kidogo. Mlevi mwenye ulimi mkali kuliko wote asingegundua lolote, na hapo ndipo ulimi unapodhihirika kuwa shahidi dhaifu, kwa maana kitu cha kweli kilikuwa kimeondoka. Mji ulioibeba chapa hiyo karibu miaka 200 ulibaki bila hisa yoyote ndani yake, isipokuwa kumbukumbu.

Brora iliona kinyume chake. Kiwanda cha kale kilizimwa mwezi Machi 1983, wakati wiski ilipokuwa imejaa maghalani bila wanunuzi na viwanda kadhaa vikafungwa, Port Ellen cha kisiwa cha Islay kikiwamo. Mapipa yaliyosalia yakawa hazina ya matajiri. Mwaka 2017 Diageo, hiyohiyo ya Cardhu na Kilmarnock, ilitangaza kuvifufua vyote viwili. Port Ellen, kilichorudi kazini mwaka 2024, mitambo yake ya asili ilikuwa haipo tena, ikabidi itengenezwe mipya kwa kufuata ile. Ya Brora ilikuwapo bado. Ikapelekwa kukarabatiwa, kuta za jengo lake zikabomolewa na kujengwa upya kwa mawe yaleyale, na mwaka 2021 pipa la kwanza likajazwa baada ya kimya cha miaka 38.

Wapo wanaodai kwamba hiyo ni nakala yenye bei ya juu, kwa kuwa hamira, shayiri na mikono si ya mwaka 1983. Hume angewauliza kama kuna mwaka wowote ambao vitu hivyo vilikuwa vya mwaka uliopita. Jibu zito zaidi lipo kijijini, ambako watu waliajiriwa tena mahali palipofungwa mlango mwaka 1983. Kule Kilmarnock, sehemu ya ardhi ya kiwanda cha zamani ina chuo tangu mwaka 2016, na nyumba kubwa ya kuwapokea wageni wa Johnnie Walker ilifunguliwa mwaka 2021 katika barabara ya Princes, Edinburgh. Mtalii anaweza kuizunguka siku nzima, akasimuliwa habari za duka la mwaka 1820, kisha akalala hotelini bila kuwa na sababu ya kupanda gari kwenda kuuona mji wenyewe.