Redio za Mtwara na Wasikilizaji Wake

Redio za mkoani Mtwara, kama Pride FM au Jamii FM ya Naliendele, zina kazi ambayo redio ya Dar es Salaam haiiwezi hata ikitaka: kumfikishia mkulima wa Nanyamba jambo lake kabla halijampita. Msimu wa korosho ukianza Oktoba, swali vijijini ni moja: mnada umetoa bei gani, ya juu na ya chini? Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uanze kutumika kwenye korosho mwaka 2007, mkulima hupeleka mzigo chama cha msingi (AMCOS), kisha husubiri. Asiyejua bei ndiye windo la walanguzi wa kangomba. Anayeijua, na makato yake, huingia kwenye mkutano wa AMCOS na maswali aliyoyajadili na jirani tangu jana.

Aprili 2019, kimbunga Kenneth kilipoelekea pwani hii, shule zilifungwa na wakazi wa mabondeni wakatakiwa kuhama. Kimbunga kikaingia Cabo Delgado, Msumbiji, Mtwara ikanusurika. Tahadhari ya namna hiyo humfaa mtu pale mtangazaji anapoutaja mtaa wake kwa jina.

Wapo watakaodai kwamba simu imekwisha kuimaliza redio. Kundi la WhatsApp lina kasi, hilo halibishaniwi, ila habari ikiwa ya uongo hakuna wa kuulizwa. Kijiji cha Kitaya kiliposhambuliwa Oktoba 2020 na wapiganaji waliovuka mto Ruvuma kutoka Msumbiji, uvumi usingeweza kumwambia mtu wa Mahurunga kama alale kwake au aondoke.

Ukaribu peke yake hautoshi. Mei 22, 2013, wakazi wa Mtwara walifuatilia bajeti ya Wizara ya Nishati na Madini. Waziri Sospeter Muhongo alipoeleza kwamba bomba la gesi la kwenda Dar es Salaam litajengwa, ghasia zilizuka, na nyumba ya mwandishi wa TBC ikawa miongoni mwa zilizochomwa. Kumchomea mtu nyumba hakuna utetezi. Hata hivyo, gesi ilichimbwa Msimbati na maelezo yakatoka bungeni Dodoma, na aliyekuwa na swali hakuwa na pa kulipeleka.

Ndiyo maana kipindi kinachomruhusu mvuvi wa Msimbati kumbana mkurugenzi wa halmashauri hewani kina thamani kuliko taarifa za ziara za viongozi, ingawa matangazo ya kulipiwa mara nyingi hutoka kwa mkurugenzi huyohuyo.