JE, KUNUNUA KWA BEI YA JIONI NI DHAMBI?



Siku chache zilizopita mama mmoja wa kanisa letu, mjane anayelima nyanya na lengalenga hapa Nakivale, alitungoja mlangoni baada ya ibada. Alisema: "Mchungaji, kuna watu wa kwaya wanapita mbele ya meza yangu asubuhi. Wanauliza bei, wanashika nyanya, wanaondoka. Saa kumi na mbili jioni wanarudi wale wale na kuniambia, mama, hizi zitakuozea, tupe kwa nusu. Ninawapa. Jumapili tunapeana mikono. Je, wamenikosea au hawakunikosea?"

Tulimjibu kwamba tutaliombea jambo hilo. Ukweli ni kwamba tulikosa la kusema kwa sababu nyingine. Mboga za nyumbani kwetu pia hununuliwa saa kumi na mbili.

Tulipolipeleka swali kwa wazee wa kanisa, mmoja wao aliyekuwa mfanyabiashara kule Kivu kabla ya vita alilimaliza kwa maneno machache. Bei ni makubaliano, alisema. Mama alitaja yake, mnunuzi akataja yake, wakakubaliana. Hakuna aliyenyang'anywa kitu. Kama hakutaka, angekataa.

Ni neno lenye nguvu, na wengi wetu tunaliamini. Lakini tuangalie vizuri kitu chenyewe kinachouzwa. Mwenye maharage au mahindi akiona bei ni mbaya hufunga gunia lake, hulirudisha nyumbani na kungoja mwezi mwingine. Mwenye nyanya hawezi. Lengalenga iliyokatwa alfajiri huanza kulala saa sita mchana, na sisi hatuna friji wala barafu. Huyo mama ana haraka, mnunuzi hana, na wote wawili wanalijua hilo. Tunaposema "angekataa," tunamaanisha angebeba beseni lake hadi nyumbani, kesho yake alimwage. Huko ndiko kukataa alikokuwa nako.

Hata hivyo, tusikimbilie kusema kwamba kila bei iliyoshuka ni dhambi. Katika Mambo ya Walawi 25 Mungu aliwapa Israeli sheria ya kuuziana mashamba, akawaonya muuzaji na mnunuzi wote wawili wasidhulumiane. Bei ilipaswa kufuata hesabu ya miaka iliyobaki hadi Yubile. Miaka ikiwa mingi bei inapanda, ikiwa michache inashuka, kwa sababu kinachouzwa hasa ni mavuno. Basi Mungu mwenyewe aliruhusu muda uingie katika bei. Nyanya iliyobakiza siku moja si sawa na nyanya iliyobakiza siku nne, na mama mwenyewe hakatai kuishusha. Iliyopondeka ina bei yake, iliyonyauka ina bei yake.

Shida ni kwamba nyanya ya saa kumi na mbili jioni ni ile ile ya asubuhi. Haikuharibika nusu nzima katika siku moja. Kilichoongezeka ni hofu ya mwenye nyanya. Anayengoja jioni akiwa na pesa mfukoni tangu asubuhi anajipatia faida kutoka kwenye hofu hiyo. Mithali 20:14 inamjua mtu huyu: mbele ya muuzaji anaisema bidhaa vibaya, akishaondoka anajisifu njiani. Sisi tumesikia majigambo hayo hata kwenye uwanja wa kanisa, na tumecheka.

Tena huwa tunalalamika sana juu ya wachuuzi wa mjini. Wakati wa mavuno wanakuja na malori, wanakuta kila mtu anataka kuuza siku hiyo hiyo kwa sababu ya madeni na ada ya shule, nao wanataja bei wanayotaka. Tunawaita wanyonyaji, tunawasomea Amosi sura ya 8. Halafu jioni tunamfanyia mjane wetu jambo hilo hilo kwa fungu la lengalenga.

Jambo hili limekuwa zito zaidi kwa sababu ya njaa yetu. Posho ilipunguzwa mwaka 2020, na mwaka 2023 jamaa ziligawanywa katika makundi matatu kadiri ya uhitaji, nyingine zikaondolewa kabisa. Tangu hapo tumeona meza za mboga zikiongezeka na wenye pesa ya kununua wakipungua. Mama aliyekuwa akiuza ili apate sabuni sasa anauza ili watoto wale usiku ule ule. Ukimpa nusu, umekata sahani yao.

Lakini mzee mwingine alituuliza swali lililotunyamazisha tena. Yeye hufanya kibarua cha kulima kwa watu, analipwa jioni. "Mimi pesa naipata saa kumi na moja," alisema, "na ni ndogo. Nikilipa bei ya asubuhi, wanangu watakula nyanya bila ugali. Nami ni mwenye dhambi?" Hapana. Maskini anayenunua jioni kwa sababu jioni ndiyo saa yake, akasema wazi alicho nacho, hamdhulumu mtu. Tena wauzaji nao wasijihesabie haki. Wako wanaopanga nyanya nzuri juu na zilizooza chini, na makopo ya mafuta yaliyobonyezwa kitako ili maharage yaonekane yamejaa tunayajua sisi sote. Kumbukumbu la Torati 25 linayataja mawe mawili mfukoni, kubwa na dogo. Kopo la kubonyezwa ni lile jiwe dogo.

Kule nyumbani mwenye kuuza alikuwa na desturi ya matabishi. Ukishalipa, anakuongezea nyanya mbili juu ya fungu, bila kuombwa. Hapa makazini tumeanza kuyadai kabla ya kulipa, na tunanuna tusipoyapata. Tunadhani mwenye nafasi angeweza kuyageuza: alipe bei iliyotajwa, aache na shilingi mia mbili juu ya meza. Mzee mfanyabiashara alitikisa kichwa, akasema hiyo si biashara tena bali ni sadaka, na sadaka ina kapu lake kanisani. Hatujakubaliana naye, wala yeye nasi.

Tulimrudia yule mama na kumwambia: ndiyo, wamekukosea, na sisi tumo. Alicheka kidogo, akauliza kama tunataka lengalenga. Ilikuwa saa tatu asubuhi. Tulinunua mafungu mawili kwa bei yake, na mama mchungaji nyumbani aliuliza pesa ya chumvi imekwenda wapi.