Usimponye Naomi Jumapili ya Kwanza

Mwanangu, umeniambia unataka kuwatangazia washarika kwamba utahubiri mfululizo wa Kitabu cha Ruthu, sura kwa sura. Nimefurahi. Ni kitabu kifupi, sura 4 na mistari 85, na mtu anaweza kukimaliza kabla chai haijapoa. Kwa sababu hiyohiyo nakuomba ungoje kidogo kabla hujatangaza.

Kisome kwanza. Kisome chote kwa kikao kimoja, na kesho tena. Kisome kwa sauti, maana washarika wako wengi watakipokea kwa masikio. Vitabu vya ufafanuzi viache kabatini kwa sasa. Utavihitaji baadaye, lakini ukivifungua mapema utaanza kujibu maswali ya watu wengine wakati yako hujayasikia.

Kisha andika Jumapili zote nne kwenye karatasi, hata kama ni mistari miwili mitatu kwa kila moja. Najua una haraka. Unasema Roho ataongoza, na ni kweli. Lakini nimewaona wahubiri wengi vijana, na mhubiri asiyejua Jumapili ya tatu atasema nini huingiwa na hofu. Anaogopa kwamba ya leo haitatosha, basi anamwaga kila kitu siku ya kwanza. Naomi anafiwa na mume na wanawe wawili, na kabla kina mama hawajafuta machozi, Boazi ameshamwoa Ruthu, Obedi ameshazaliwa, Daudi yuko kwenye kiti cha enzi. Mjane aliyekaa benchi la nyuma anarudi nyumbani akidhani huzuni yake ilipaswa kuisha kabla ya sadaka.

Kitabu chenyewe hakina haraka hiyo. Katika sura ya kwanza Naomi anawaambia wanawake wa Bethlehemu wazi kabisa kwamba aliondoka amejaa na Bwana amemrudisha mikono mitupu. Hakuna anayemkemea. Hata Ruthu, mkwewe aliyekuja naye njia yote kutoka Moabu, hasemi neno pale. Mwandishi anaongeza jambo moja tu: walifika mavuno ya shayiri yalipoanza. Nawe ishia hapo. Ukijua kwamba sura ya nne ipo tayari mezani, utapata ujasiri wa kumwacha Naomi na uchungu wake kwa juma zima, na wenye uchungu kama wake watajua kwamba kanisani kuna nafasi yao.

Mimi nilipokuwa kijana nilitangaza Waraka kwa Warumi, sura zote 16, nikiwa nimeandaa mbili. Nilikuwa nimesoma habari za Martyn Lloyd-Jones, aliyefundisha Warumi jijini London jioni za Ijumaa tangu 1955 hadi 1968, nikatamani kufanya vivyo hivyo. Sikujiuliza maandalizi yake yalikuwa ya kiasi gani. Nilipofika sura ya tisa nilikwama, nikahamia Zaburi bila kuwaeleza watu. Mzee mmoja wa kanisa akanisubiri nje, akaniuliza kwa upole, “Mchungaji, wale Waisraeli wa Paulo tumewaacha wapi?” Alikuwa akifuatilia kwa moyo wote. Nilimwacha njiani.

Tazama pia msimu. Huku kwetu nyanda za juu kusini, mahindi mengi huvunwa kati ya Mei na Julai. Ukimhubiri Ruthu mwezi Juni, watu watatoka kupura maharage waje kumsikia mwanamke anayeokota masazo katika shamba la mtu mwingine. Waeleze kwamba hakuwa akiiba. Torati, katika Walawi 19 na Kumbukumbu la Torati 24, ilimwamuru mwenye shamba amwachie maskini na mgeni, na Kumbukumbu inamtaja mjane kwa jina. Waulize mashambani mwetu kinabaki nini, na kwa ajili ya nani. Lakini ukimhubiri Februari, maghala mengi yakiwa yamepungua, wataisikia zaidi njaa iliyomhamisha Elimeleki, mumewe Naomi. Nyakati zote mbili ni njema. Chagua ukijua unachochagua. Na kama kalenda ya kanisa imeshapanga masomo ya Jumapili, mwendee mchungaji kiongozi mapema. Pengine ibada za katikati ya juma zitafaa zaidi.

Sura ya tatu na ya nne ndizo zitakazokupa kazi. Ruthu anakwenda usiku kwenye uwanja wa kupepetea shayiri, na ukoo una desturi ya jamaa kumchukua mjane. Wapo watakaosikia hapo ruhusa ya kurithi wajane, na wapo watakaokumbuka walivyonyang'anywa shamba siku chache baada ya kuzika. Usiziandae sura hizi peke yako ofisini. Wiki tatu kabla, kaa na kina mama wajane wa usharika. Wasomee, kisha nyamaza uwasikilize. Ukirudi kwenye maandiko utaona vizuri zaidi kwamba Ruthu mwenyewe ndiye aliyemwomba Boazi, na kwamba Boazi hakumaliza jambo gizani. Kulipokucha alikwenda langoni, akaketisha wazee 10, na habari ya shamba la Elimeleki ikasemwa mbele ya watu. Liseme hilo polepole, na usilipunguze makali kwa sababu ya mzee fulani aliyekaa mbele.

Mpango utavunjika. Msiba utatokea, au askofu atakuja, au itakuwa Jumapili ya changizo la bati. Usinung'unike. John Calvin alifukuzwa Geneva mwaka 1538. Aliporudishwa mwaka 1541 hakupanda mimbari kuwasuta waliomfukuza. Aliendelea na andiko pale alipokuwa ameachia. Wewe nawe, msiba ukiisha, rudi ulipoishia.

Wala usimlaumu aliyekosa Jumapili mbili. Huyu alikuwa zamu hospitalini, yule alikuwa mnadani, mwingine aliuguliwa na mtoto. Mgeni akifika mkiwa mezani, humwambii angoje chakula cha kesho. Mnasogea, anapewa sahani. Kila mahubiri yawe na dakika mbili za kumkaribisha asiyekuwapo, halafu yawe na kitu cha kumtosha hata asipoweza kurudi juma lijalo.

Sura ya nne inaishia kwa orodha ya majina, kutoka Perezi hadi Daudi. Usiiruke. Mpe mtoto wa shule ya Jumapili aisome mbele, na mfanyishe mazoezi siku ya Alhamisi ili asione aibu.

Ukimaliza, usianze kitabu kingine Jumapili inayofuata. Mwachie mwinjilisti mimbari. Zunguka kwenye jumuiya, uwaulize watu wanakumbuka nini kuhusu Naomi. Wengine watakumbuka jambo ambalo hukulisema, na wengine watakuuliza lile uliloliogopa katika sura ya tatu. Andika yote, kisha uje nyumbani tusome pamoja.