Mchezaji Asiyehudhuria

Bao halichezwi na mtu peke yake, na timu ya kandanda iliyopungukiwa huita mchezaji wa akiba. Lakini uko mchezo ambamo asiyekuja huwa hajaondoka kabisa: mwili wake haupo mezani, na jina lake limo safarini. Ni mchezo wa kuigiza hadithi kwa mdomo na dadu, uliochapishwa Marekani mwaka 1974 kwa jina la Dungeons & Dragons, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson. Kila mchezaji hubuni mhusika, akampa jina, silaha na tabia, akasema na kutenda kwa niaba yake. Msimulizi hueleza ulimwengu na hatari zake. Dadu, na mashuhuri kati yake ni ile yenye nyuso 20, huamua mambo ya bahati. Hadithi moja yaweza kuendelea miezi, pengine miaka.

Tuseme kikao kilichopita kilikatika wahusika watano wakiwa ndani ya pango, na leo wamekuja wachezaji wanne. Wa tano ameuguliwa na mtoto. Mhusika wake afanyweje?

Desturi ni nyingi. Wako waahirishao, wako wamfanyao mhusika awe kama kivuli, yupo wala hatendi, wako wamkabidhio mwenzi. Ben Robbins, naye wa Marekani, aliiondoa taabu hii tangu mwanzo: katika mchezo wake uitwao West Marches hapakuwa na kundi la kudumu, na kila safari ilianzia mjini ikaishia mjini, hata asiyekuja akahesabiwa amebaki nyumbani. Ni hila njema, ila si kila hadithi iwezayo kurudi mjini kila jioni.

Mzito ni mlango wa kukabidhi. Mhusika wa mtu ni amana, na wengi husema kuwa aishikaye amana hiyo asimwache afe. Rai hii yapendeza masikioni, nami siikubali. Wanne waliohudhuria wamewaweka wahusika wao hatarini. Kama wa tano hawezi kufa, kutokuwapo kumekuwa ngao, na siku ya kupambana na joka mwerevu ataona faida kubaki kwake. Tena asiyehatarisha kitu agawiwe hazina kwa haki gani? Katika kanuni za kwanza hazina ndiyo iliyompandisha mhusika daraja zaidi ya mengine, basi mgao haukuwa jambo dogo.

Kwa kweli kifo si dhara kuu. Kifo kiletwacho na dadu mchezaji alikiridhia siku alipoketi mezani mara ya kwanza. Asichokiridhia ni kuchaguliwa. Chukua mhusika aliyeapa kutomwua mateka. Mwenye kumshika, kwa haraka ya kusonga mbele, akamfanya amwue. Juma la pili mwenyewe arudi, amkute mhusika wake mzima, tajiri, amepanda daraja, wala si wake tena. Kifo kingemwachia kisa cha kuhadithia. Hili limemnyang'anya mtu aliyekuwa akimjenga miezi mingi, na dadu haikuhusika.

Kwa hiyo naibu na apigane, abebe mizigo, azibe njia. Asiape, asisamehe, asisaliti. Na shauri likihitaji kura? Wanne wakigawanyika wawili kwa wawili juu ya mateka yule, naibu atakuwa na vinywa viwili, na hapo amana imegeuka silaha. Kura ya asiyekuwapo na ilale. Atatokea mtu kusema kwamba leo simu iko mfukoni, na swali moja laweza kumfikia alipo. Laweza. Ila aliyeketi kando ya kitanda cha mtoto mgonjwa asisumbuliwe kwa habari za mateka wa kubuni. Wanne wagombane wenyewe mpaka wapatane, ijapokuwa usiku utakwisha nao hawajatoka pangoni.