Mafuta Yaliyoganda na Mafuta ya Majimaji

Bismillahi. Amma baadu. Mtume wetu (s.a.w.) aliulizwa habari ya panya aliyekufa katika samli. Akaamuru: ikiwa imeganda, atupwe yeye na iliyomzunguka, iliyosalia iliwe, ikiwa ya majimaji, isikaribiwe.

Kwetu Ujiji samli yetu ni mawese, nayo hayakai hali moja. Usiku wa baridi huganda; juani hulainika; yakitiwa motoni, kabla ya digrii 40, yamekwisha yeyuka yote. Wanazuoni wa Kishafii wametupa kipimo: chota. Shimo likibaki, yameganda. Yakirudi upesi kulijaza, ni ya majimaji.

Basi muuzaji amwonaye maiti ya panya mchana katika debe la majimaji, akangoja alfajiri yagande ndipo achote, amejihadaa na kuwalisha Waislamu najisi. Hukumu hufuata hali ya mafuta wakati ule, baridi haitoharishi. Kuyauza ni batili. Kuwashia taa yafaa, ila msikitini.

Na asiyejua saa, akamkuta asubuhi juu ya mafuta magumu, asijitie wasiwasi: atupe yaliyomzunguka, ale. Lakini akimkuta chini ya debe? Panya hazami katika mafuta yaliyoganda.