Atakayelala Ndani ni Nani?

Mtu aliyeiacha Dodoma miaka kumi iliyopita, akirudi leo atapotea njia. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu huko ulifanywa na TANU mwaka 1973, lakini ulikawia. Ni tangu mwaka 2016, Serikali ilipotangaza kwamba sasa inahamia kweli, ndipo mji ulipoanza kukimbia. Mji wa Serikali umesimama Mtumba. Pembeni, kama vile Nzuguni na Iyumbu, nyumba zinaota kama uyoga baada ya mvua. Nyingi hujengwa ili ziuzwe, na anayezinunua hataki kukaa humo, anataka kupangisha. Swali lake la kwanza ni hili: Italeta kodi kiasi gani?

Sisi twaona liko swali linalotangulia hilo: Je, nyumba hii ni nzima? Wengi hudhani kuuliza hivyo ni busara ya mtu anayelinda fedha zake, wala si zaidi. Twasema ni zaidi. Ni wajibu wa haki.

Wazee wa Ugogo walijenga tembe. Nguzo zilichimbiwa, boriti zikalazwa juu yake, kisha fito, majani na udongo. Paa likawa bapa, zito. Nguzo ikiliwa na mchwa, paa lingemwangukia nani? Lingemwangukia yule yule aliyeisimamisha, pamoja na mkewe na watoto wake. Mjenzi, mwenye nyumba na mlalaji walikuwa mtu mmoja, na kwa sababu hiyo hakuna aliyehitaji kumwonya.

Leo watu hao wamekuwa watatu. Mmoja hujenga, wa pili hununua, wa tatu hulala ndani. Wa kwanza akiisha kulipwa huenda zake. Wa pili hukaa mbali akingoja kodi. Wa tatu, ambaye pengine ni mwanafunzi wa chuo au karani mwenye watoto wachanga, ndiye peke yake aliye chini ya zege usiku, naye hakuulizwa neno.

Tena nchi yetu ya kati haisamehe kazi mbovu. Katika mabonde yake uko udongo mweusi wa mbuga, ambao hufura ukinywa maji na kupasuka ukikauka. Msingi mfupi juu yake huinuliwa na kushushwa kila mwaka mpaka ukuta uchanike. Bonde la Ufa halipo mbali, na mitetemeko ya ardhi si hadithi kwa wenyeji. Lakini adui mkubwa ni ukame. Zege halikauki tu kama nguo kwenye kamba. Linahitaji maji ili likomae. Yapasa limwagiliwe walau siku 7, na nguvu yake hupimwa siku ya 28. Mahali penye jua kali, upepo mkavu na maji ya kununua kwa pipa, ni rahisi sana fundi kuacha kumwagilia. Kisha hupigwa lipu, na rangi juu yake. Nani atajua?

Hapa ndipo ilipo maana yote ya jambo hili. Katika karne ya 13 Mtakatifu Thomas wa Akwino aliuliza kama muuzaji amelazimika kutaja kasoro ya kitu anachokiuza. Alijibu kwa kupambanua. Kasoro ikiwa wazi, kama farasi mwenye jicho moja, na bei ikapunguzwa ipasavyo, muuzaji halazimiki kuitangaza. Lakini ikiwa imefichika, nayo yaweza kuleta hasara au hatari, kunyamaza ni udanganyifu, na aliyenyamaza yampasa kulipa. Katika mifano yake aliitaja nyumba inayotaka kuanguka, ikiuzwa kama nyumba imara.

Basi fikirini: lipu ndiyo inayogeuza kasoro ya wazi kuwa kasoro iliyofichika. Kuipiga lipu nyumba si kosa. Lakini aliyefunika ufa anaoujua, au nguzo yenye nondo pungufu, tangu saa hiyo amejitwika deni la kusema.

Na mnunuzi je? Atasema, “Mimi sikujua.” Twamjibu: kutojua kwa mtu aliyekataa kutazama si udhuru. Angekuwa anajinunulia mwenyewe, angeweza kusema hatari ni yake. Lakini yeye naye kesho atakuwa muuzaji. Atauza usingizi wa watu chini ya paa lile, mwezi kwa mwezi. Asichokiuliza leo hawezi kumwambia mpangaji kesho.

Wako watakaosema twatisha watu bure. Tarehe 29 Machi 2013, siku ya Ijumaa Kuu, ghorofa lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam lilianguka likaua watu zaidi ya 30. Tarehe 16 Novemba 2024 jingine likaanguka Kariakoo, na zaidi ya 20 wakafa. Wengi wa waliofukiwa walikuwa wafanyabiashara na wateja wao, watu ambao hawakushika ramani wala mwiko.

Wengine watasema mhandisi ni ghali. Ni kweli kwamba ana gharama; lakini ni sehemu ndogo ya bei ya nyumba, na mengine hayana gharama. Iendeeni nyumba wakati wa masika, siku mvua ikinyesha, mwone maji yanakwenda wapi. Tazameni pembe za madirisha: ufa mwembamba kama unywele huenda ni wa lipu tu, bali ule unaokwenda mshazari na kupanuka ni wa msingi. Kwaruzeni tofali kwa msumari. Likimomonyoka kama mchanga, saruji yake ilipunjwa. Ombeni kibali cha ujenzi na ramani. Waulizeni majirani kama zege lilimwagiliwa. Na nyumba ikiwa ya ghorofa, msilipe kabla mhandisi aliyesajiliwa hajaikagua.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ukuta ulioanguka juu ya watoto wa mtu haujengwi upya kwa matofali. Kabla hujatia sahihi, ewe mnunuzi, ingia katika chumba kile, simama chini ya dari lile, ujiulize: Je, ningewalaza wanangu hapa? Ukisita, usilaze wa mwenzio.