Asili ya Mali na Amana ya Muuzaji

Ndugu zetu Waislamu, Mtume (s.a.w.) alipita sokoni penye chungu ya nafaka, akatia mkono ndani, akakuta umaji. Mwenye mali akataja mvua. Mtume hakuilaumu mvua. Alilaumu kufichwa kwa nafaka iliyorowa chini ya iliyo kavu.

Hapa Kiogoro hapana mgodi wa koltani, lakini twabeba simu, na ndani yake mna tantalamu itokayo katika jiwe hilo. Sehemu yake huchimbwa Rubaya, Kongo ya Mashariki. Mwaka 2024 waasi wa M23 waliutwaa mji ule, wakayatoza madini kodi. Mwaka huo huo wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika kuwa koltani ya huko ilivushwa kwa magendo hadi Rwanda, ikachanganywa na ya huko. Basi juu ya gunia pana cheti, na chini mna dhuluma.

Wapo wasemao: tumenunua dukani kwa fedha ya halali, hayatuhusu. Je, ghishi huwa halali kwa kupita mikono mingi?

Wala dawa si kuikimbia Kongo. Sheria ya Marekani ya 2010 ilipowataka wenye makampuni waeleze asili ya madini, wengi waliacha kununua, na wachimbaji wanyonge wakakosa riziki. Yatupasa kuuliza, si kukimbia. Mfanyabiashara na atie mkono ndani ya gunia. Nasi tusiharakie simu mpya ilhali ya zamani yafaa.

Mwenyezi Mungu atujaalie kupenda haki. Amin.